Ndugu Mhariri, tunabishana kwa vichwa vya habari tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama inawezekana usinikate, maana hili jambo limenikaa moyoni wiki ya tatu sasa.

Mi nina meza ya magazeti hapa Msamvu, Morogoro, pembeni ya stesheneri yangu ya kutoa kopi na kuprinti. Miaka ya nyuma nilikuwa nachukua magazeti 40 na ikifika saa nne asubuhi yameisha, leo nachukua manane na mengine yanarudi kwa wakala. Silalamikii biashara, kopi zinanilisha. Kinachoniuma ni kingine.

Kila asubuhi kabla hata sijafungua duka simu inalia tu, grupu la kikoba, grupu la mtaa, grupu la wazazi wa darasa la tano, kote zinamwagwa picha za kurasa za mbele za magazeti ya leo, za siasa na za michezo, zote. Watu wanazikuza kwa vidole viwili wanasoma yale maandishi makubwa, basi, mtu ameshasoma gazeti. Saa moja haijafika mjadala umewaka na kila mmoja ana msimamo wake.

Sasa wiki tatu zilizopita ikaja moja ina maandishi mekundu, KIMENUKA MICHANGO SHULENI, chini picha ya watoto na kijimstari "Uk. 3". Grupu la wazazi likalipuka. Mmoja akasema wanaodaiwa wataitwa kwa mtendaji, mwingine akaapa kwamba watoto watarudishwa nyumbani wiki hiyo hiyo, voisi noti juu ya voisi noti, mpaka saa tano zilishapita meseji zaidi ya mia mbili na hamna hata mmoja aliyesema huko ukurasa wa tatu kumeandikwa nini. Na mimi nilikuwemo humo, nilichangia, wakati gazeti lenyewe liko mezani kwangu hatua mbili kutoka nilipokaa.

Siku mbili baadaye mtoto wa jirani yangu anayeuza vitumbua akaja dukani saa nne asubuhi kununua kalamu. Nikamuuliza, wewe leo huna shule? Akajibu kwa sauti ya chini kwamba mama kasema akae kwanza mpaka hela ya chakula cha shule ipatikane, asije akatolewa mbele ya wenzie, na jana pia hakwenda. Nikaenda kuchambua yale magazeti ambayo nilikuwa sijayarudisha, nikalipata, nikafungua ukurasa wa tatu. Mhariri, habari ilikuwa kinyume kabisa! Walionukiwa ni walimu wakuu. Walikuwa wameonywa na viongozi wa wilaya kwamba hamna mtoto wa kufukuzwa darasani kisa mchango, na mwandishi akakumbushia kwamba elimu bila ada ilianza Januari 2016. Yaani mtoto amekosa masomo siku mbili kwa sababu ya habari iliyoandikwa kumtetea. Nilimtolea kopi ule ukurasa nikamwambia mpelekee mama, mwambie ausome wote, asiishie juu.

Najua wapo watakaosema hata zamani watu walikuwa wanasoma vichwa tu. Ni kweli, wasomaji wa kusimama nimewahudumia miaka mingi, wanapanga mikono nyuma wanainamia meza hawatoi hata senti. Lakini wale wakianza kubishana gazeti lilikuwepo hapo hapo, mwisho wa ubishi mmoja anatoa hela anasema lete hilo tumalize, anafungua ndani anasoma kwa sauti wenzie wanasikiliza, na mara nyingi aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote ndo ananyamaza wa kwanza. Siku hizi ubishi hauna pa kumalizikia, kabla hamjaelewana imeshaingia picha nyingine.

Mama yangu hakujua kusoma vizuri. Mwaka 1973 alikuwa kwenye kikundi cha Mtu ni Afya, ile kampeni ya redio ambayo watu karibu milioni 2 nchi nzima walishiriki. Alikuwa anatusimulia walivyokuwa wanakaa chini ya mwembe mara moja kwa wiki, wanasikiliza kipindi, halafu mmoja anayejua kusoma anawasomea kijitabu taratibu, wanaulizana hili kwetu likoje, choo kiko wapi, maji yametuama wapi, na hawaondoki hawajakubaliana nani atachimba nini. Kijitabu kimoja wiki kumi na mbili! Mpaka anazeeka alikuwa anakueleza malaria inavyoingia nyumbani hatua kwa hatua kuliko mimi mwenye simu yenye kila kitu ndani.

Na mimi mwenyewe nimeshaathirika. Usiku nikishika gazeti nasoma aya mbili tatu, mkono unaenda kwenye simu bila hata kuuamrisha, nikirudi sikumbuki nilikuwa naambiwa nini. Mwanangu wa kidato cha tatu alinisomea kwamba ule mtindo wa kuskroli bila mwisho ulibuniwa mwaka 2006 na Mmarekani anaitwa Aza Raskin, na kwamba baadaye mwenyewe alisema hadharani anajutia. Nikawaza, gazeti angalau lina ukurasa wa mwisho, ukifika kwenye mpira unajua umemaliza, unalikunja, unabaki na ulichosoma kichwani unakitafuna ukiwa unafanya kazi.

Sasa Mhariri, nyie mna mkono wenu humu na naomba mlipokee hili kwa moyo mweupe. Hizo picha za kurasa za mbele mnazirusha wenyewe alfajiri kwenye kurasa zenu, bure, na ndani hamrushi kitu. Na vichwa vyenyewe vinafichaficha, kimenuka, kaa la moto, siri nzito, mtu hawezi kujua nani kafanya nini mpaka anunue, na hanunui, anajazia mwenyewe. Mkiandika "Walimu waonywa kufukuza watoto kisa michango" maneno si mengi, na yule mtoto angekuwa darasani. Kama lazima picha itoke, basi itoke na aya tatu za kwanza za ile habari kubwa.

Kwa upande wangu nimeshaanza. Kila asubuhi gazeti moja nalifungua ndani nalibandika mlangoni kwenye kioo, upande wa habari ile inayobishaniwa kwenye magrupu. Juzi bodaboda mmoja alizima pikipiki akasoma mpaka chini kabisa, kisha akaniuliza, mama, ile ya jana iliishia wapi? Nikamtolea ya jana.

Mama Stesheneri,
Msamvu, Morogoro