Barua kwa Wazazi na Walezi: Safari ya China ya Wanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Muhula umekwisha salama. Ripoti ya mwanao imeambatanishwa na barua hii, na tarehe ya kufungua shule imeandikwa nyuma yake. Yanayofuata yanawahusu zaidi wazazi wa wanafunzi wanane wa somo la Kichina watakaokwenda mji wa Hangzhou, China, mwezi Desemba kwa ufadhili wa shule.

Desemba sisi tuko likizo, ilhali shule za China zinaendelea na masomo hadi Januari. Watoto watakaa darasani na wenzao, si kutembezwa kama watalii. Shule inalipia tiketi ya ndege, viza, bima, malazi na chakula. Mzazi anagharimia pasipoti, ambayo ni shilingi 150,000, chanjo ya homa ya manjano na nguo za baridi.

Kinachokwamisha safari za namna hii ni pasipoti, na mara nyingi tatizo huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa. Jina la baba kwenye cheti ni Mohamed, shuleni limeandikishwa Mohammed, na kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA) cha baba mwenyewe limeandikwa Muhamedi. Karatasi za namna hiyo hurudishwa dirishani. Tafadhali ziwekeni mezani wiki hii mzisome herufi kwa herufi, pamoja na tarehe za kuzaliwa. Penye tofauti, anzeni RITA (wanaotoa vyeti vya kuzaliwa) au kwa wakili mapema, msingoje Oktoba. Fomu ya pasipoti hujazwa mtandaoni, lakini mtoto lazima afike Uhamiaji mwenyewe kwa ajili ya alama za vidole, na kwa kuwa hajafikisha miaka 18, ridhaa ya mzazi inahitajika. Aliye na pasipoti tayari aangalie tarehe ya mwisho: ubalozi wa China unataka iwe na angalau miezi sita mbele na kurasa tupu.

Picha zinachanganya wengi. Ya pasipoti ina mandhari ya bluu. Ya viza ya China ni nyeupe, upana milimita 33 na urefu 48. Mwambieni mpiga picha hivyo hivyo, maana ile "pasipoti saizi" ya kawaida si kipimo hicho.

Chanjo ya manjano ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuondoka. Waliokwisha kuchanjwa hawarudii: tangu 2016 kadi hiyo ni ya maisha.

Kuhusu baridi, Hangzhou iko kusini mwa eneo ambalo serikali ya China huwasha mfumo wa kupasha nyumba joto. Beijing kuna baridi kali zaidi nje, lakini ndani ni vuguvugu. Hangzhou usiku nyuzijoto hukaribia sifuri, na darasani mtoto anaweza kukaa na koti mwilini. Koti moja zito, sweta mbili, nguo mbili za ndani za kubana na soksi nene zinatosha. Msiingie gharama dukani. Mitumba ya soko la Karume ina makoti mazuri kuliko mapya mengi.

Msimfungie mtoto nyama kavu, mayai wala maembe. Forodha ya China inavikataa na vitatupwa pale pale. Dawa zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Soketi za kule hazipokei plagi zetu za miguu mitatu ya mraba, kwa hiyo adapta ni lazima. Pawabenki iwe kwenye begi la mkononi, na maandishi ya uwezo wake yasomeke. Yakifutika, uwanja wa ndege wa China wataichukua.

WhatsApp haifunguki kwenye intaneti ya China. Tutatumia WeChat, ambayo wakati wa kujisajili huweza kudai mtumiaji mwingine akudhamini kwa simu yake. Mwalimu wa Kichina atakuwepo Jumamosi mbili za kwanza za muhula ujao kuwasaidia. China iko saa tano mbele yetu. Pigeni saa 8 mchana, wao watakuwa saa 1 usiku. Ukipiga saa 2 usiku unamwamsha saa 7 usiku.

Fedha ya mfukoni isizidi yuan 600, nyingi ziwe noti za 10 na 20. Wauzaji wamezoea kulipwa kwa simu, na chenji ya noti ya 100 huwa tabu.

Jambo moja kuhusu tiketi. Ikisomeka 6 Desemba, 02:30, hiyo ni saa 8:30 usiku wa kuamkia tarehe 6. Mtoto anatakiwa uwanjani tarehe 5, saa 5 usiku. Atakayemleta usiku wa tarehe 6 atakuta ndege ilishaondoka tangu usiku uliotangulia.

Fomu ya ridhaa, iliyosainiwa na wazazi wote wawili au mlezi halali, irudishwe ofisini kabla ya 31 Julai. Nakala ya pasipoti ifike kabla ya 30 Septemba.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule