Mionzi ya korodani haimalizi uanaume

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika kwamba mwanamume akishapigwa mionzi ya saratani ya korodani amekwisha, heri abaki na uvimbe wake. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Ng'ambo, Tabora. Niliondolewa korodani moja, nikapigwa mionzi, na kitindamimba wangu amezaliwa baada ya hapo.

Mionzi yenyewe haipigwi pale wanapodhani watu wa vijiweni. Korodani yenye ugonjwa hutolewa kwanza, tena kwa kupasuliwa kinena, siyo mfuko. Kisha mionzi huelekezwa tumboni, kwenye tezi za limfu zilizojipanga kando ya mshipa mkubwa wa damu mbele ya uti wa mgongo. Pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nilimuuliza mtaalamu: ugonjwa ulikuwa chini, mbona mnapiga juu? Akanieleza kuwa mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, korodani zake huanzia huko juu karibu na figo, ndipo zishuke. Zikishuka, njia ya majimaji yake ya limfu hubaki ya kwenda kulekule, na saratani hupita humo humo. Korodani iliyobaki hukingwa kwa kifuniko cha madini ya risasi, kama mimi ninavyovaa miwani nyeusi kazini.

Tena mionzi si ya kila mgonjwa. Inayosikia mionzi upesi ni aina iitwayo seminoma. Kama haijasambaa, dozi ya kawaida ni grei 20 (grei ni kipimo cha mionzi), zikigawanywa mara 10, yaani wiki mbili za siku za kazi. Tezi zikiwa zimevimba, dozi hupanda hadi 30 na zaidi. Aina nyingine kwa kawaida hutibiwa kwa dripu za dawa za saratani, yaani kemo.

Na mwenye seminoma ya mwanzo anaweza asipigwe chochote baada ya upasuaji, akafuatiliwa kwa vipimo tu, maana kwa wagonjwa wanne hivi kati ya watano ugonjwa haurudi. Madaktari wengi siku hizi wanapenda njia hiyo kwa vijana, kwa kuwa mionzi huongeza hatari ya saratani nyingine miaka mingi mbele. Hilo ndilo la kuogopa. Mbegu za kiume hupungua kwa muda, na mimi niliambiwa tusitafute mtoto kwanza. Kichefuchefu na uchovu vilikuwepo, vikapita.

Sasa kwa nini mimi nilichagua mionzi? Nauli. Kufuatiliwa ni kwenda kupigwa picha za tumbo tena na tena kwa miaka, na kwa mtu wa Sikonge au Urambo kila picha ni safari. Mionzi unaimaliza kwa mkupuo, ila nayo ipo hospitali kubwa za mbali kama Bugando, Mwanza, au Ocean Road, na wiki mbili mjini ni kulala na kula. Mimi nilifikia kwa mama mdogo, Mbagala. Asiye na ndugu huko anakimbia tiba katikati, kisha mtaani tunasema aliogopa mionzi. Naomba maofisa ustawi wa jamii wa hospitali zetu wamuulize mgonjwa atalala wapi kabla hajapewa karatasi ya rufaa.

Fundi wa kuchomelea,
Ng'ambo, Tabora