YAH: Malalamiko kuhusu gari linalopoteza nguvu na kuzimika, na vipuri vinavyobadilishwa bila kupimwa

Kwa Meneja wa Huduma,
Idara ya Matengenezo.

Ndugu Meneja,

Gari langu dogo liko tena kwenye yadi yenu, na safari hii limeletwa kwa kuvutwa. Nimeamua kuandika kwa sababu maelezo ninayotoa kwa mdomo huishia mapokezi, hayamfikii fundi, na gari hunirudia likiwa na vipuri vipya na ugonjwa uleule. Mmeshabadilisha plagi, koili, filta ya mafuta na hatimaye pampu ya mafuta. Vyote nimelipia. Sijaonyeshwa kipimo hata kimoja kilichothibitisha kwamba kifaa kilichotolewa kilikuwa kibovu.

Naeleza dalili upya, na ninaomba zisomwe na fundi atakayelishika gari.

Injini ikiwa baridi, gari halina neno. Linawaka upesi na linavuta vizuri. Tatizo huja injini ikishashika moto, hasa baada ya mwendo mrefu au foleni. Kwanza nguvu hupotea ghafla: mguu wangu uko palepale kwenye mafuta, lakini gari linashtuka, linalegea, halafu linashika tena. Likiendelea hivyo, mwishowe linazimika. Na hapa ndipo penye jambo ambalo nimelirudia kila nilipokuja, wala silioni kwenye fomu yenu. Linapozimika nikiwa kwenye gia na sijakanyaga klachi, magurudumu bado yanaizungusha injini, lakini mshale wa dashibodi unaoonyesha mizunguko ya injini unaanguka hadi sifuri papo hapo. Haushuki taratibu. Nikipiga starta, injini inazungushwa kwa nguvu, kwa hiyo betri si tatizo, ila haishiki, na mshale unabaki umelala. Nikiliacha lipoe, linawaka kama kawaida.

Hizo si dalili za plagi zilizochoka. Plagi au koili ikifa, injini inamisi na kutetemeka, lakini mshale unaendelea kuhesabu mizunguko. Pampu dhaifu au filta iliyoziba hulinyima gari nguvu hasa mlimani na likiwa na mzigo. Injini hukohoa kabla ya kufa, na mshale hushuka pamoja nayo. Mshale kulala wakati injini bado inazunguka unaelekeza kwingine kabisa: kwenye sensa ya mzunguko wa krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), soketi yake na nyaya zake, au kwenye umeme unaolisha kompyuta ya injini. Kwenye magari mengi mshale huo unategemea ishara ya sensa hiyohiyo. Ishara ikikatika, kompyuta haijui pistoni zimefika wapi, hivyo inasitisha cheche na mafuta. Tena sensa hizi zinajulikana kwa kufa zikipata joto na kufufuka zikipoa, maana mpasuko mdogo ndani yake hufunguka chuma kinapotanuka.

Sisemi kwamba lazima sensa ndiyo mbovu. Rilei kuu (swichi inayopitisha umeme wa kompyuta ya injini) au swichi ya ufunguo inayopoteza mguso ikipata joto inaweza kuuangusha mshale vilevile. Kuvitofautisha ndiyo kazi niliyowalipa, nayo hufanywa kwa kupima.

Kuna jambo lililoniuma zaidi. Kabla sijawakabidhi gari mara ya kwanza, taa ya injini ilikuwa inawaka, na kifaa kidogo cha kusomea hitilafu kilitoa namba P0335, inayohusu saketi ya sensa hiyohiyo ya krenki. Niliipiga picha na kuwaonyesha mapokezi. Gari liliporudi, taa ilikuwa imezimwa, kumbukumbu imefutwa, na fomu imeandikwa "hakuna hitilafu". Pamoja na namba ile, mlifuta pia taarifa ambazo kompyuta huzihifadhi hitilafu inapoingia: joto la injini, mwendo wa gari, mizunguko na mzigo. Kwa tatizo linalokuja na kupotea, huo ndio ushahidi wa kwanza ambao fundi anapaswa kuuchapisha kabla hajagusa kitu. Sikuridhia ufutwe.

Upimaji wenyewe nao naona umefanywa saa isiyofaa. Gari hulala kwenu, asubuhi linawashwa, linaachwa lingurume muda mfupi bila kutembea, kisha naitwa nilichukue. Tatizo la joto haliwezi kuonekana hivyo. Naomba liendeshwe barabarani mpaka lizimike, fundi akiwa na kompyuta ya uchunguzi mkononi, na kabla halijapoa apige starta huku akitazama idadi ya mizunguko. Kompyuta ikisoma sifuri wakati injini inazunguka, apime palepale umeme unaofika kwenye sensa, arthi yake na ishara inayotoka. Nyaya zitikiswe kuanzia sensa hadi kompyuta, kwa sababu waya uliochubuka karibu na injini hutoa dalili zilezile, na sensa mpya haitauponya. Geji ya presha ya mafuta nayo ifungwe wakati wa safari hiyo, ili suala la pampu lifungwe kwa namba.

Naomba pia mlichukulie hili kama suala la usalama. Injini ikizima kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito, na msaada wa breki unabaki wa kukanyaga mara moja au mbili, kisha pedali inakuwa ngumu. Mara ya mwisho lilizimika nikiwa katikati ya kulipita lori, kukiwa na gari linakuja mbele. Baada ya tukio hilo sikubali tena kuambiwa nilichukue "nikaliangalie".

Ninachodai ni hiki. Gari lipimwe likiwa na moto kama nilivyoeleza, na nipewe matokeo kwa maandishi, yakiwa na namba zilizosomwa. Nirudishiwe plagi, koili na pampu mlizozitoa, maana ni mali yangu. Kwa kila kipuri ambacho hamwezi kuonyesha kipimo kilichokihukumu, nirudishiwe gharama yake pamoja na ufundi. Na kuanzia sasa kisibadilishwe kitu wala kumbukumbu kufutwa bila idhini yangu ya maandishi.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitalifikisha suala hili kwa mamlaka inayolinda haki za watumiaji, nikiambatisha fomu na risiti zenu zote. Fundi akitaka kuzungumza nami kabla ya kuanza kupima, niko tayari kuja na kukaa naye garini mpaka lizimike mbele ya macho yake.

Wako,
Mteja mwenye gari

Viambatisho: picha ya namba P0335, nakala za fomu za matengenezo, nakala za risiti.