Risala ya Kikundi cha Mafundi Waliomaliza Vifungo kwa Mgeni Rasmi, Mtwara

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wa Manispaa na wa kata,
Wazee wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha kwenye ufunguzi wa karakana yetu. Tumezoea wageni kupata udhuru wakishasikia sisi ni akina nani. Wewe umekuja. Karibu sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi sote tumewahi kufungwa, wengine katika gereza la hapa hapa Lilungu, wengine magereza ya mbali. Humo ndani tulijifunza useremala, ushonaji na uashi. Meza uliyowekewa ni kazi ya mikono yetu. Tafadhali ikague hadi chini, maana fundi mbovu huficha ubovu wa kazi yake huko.

Kazi tunaiweza, kinachotukwamisha ni karatasi. Mwajiri anadai cheti cha ufundi, na mtu hana, kwa sababu alijifunza bila kufanyiwa mtihani. Akiomba kazi ya ulinzi anatakiwa kuleta wadhamini na alama za vidole kutoka polisi. Akifuata barua ya utambulisho mtaani, anakumbushwa kesi yake mbele ya foleni nzima. Msimu wa korosho ukianza, maghala yanatafuta wapakiaji, na wetu wanarukwa, kana kwamba gunia linamuuliza mtu alikotoka. Basi anarudi kijiweni, na waliomponza mwanzo ndio wa kwanza kumpa nafasi ya kukaa. Akikamatwa tena, mtaa mzima unasema ulijua.

Hofu ya waajiri tunaielewa. Hatuombi aliyekula fedha za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, akabidhiwe mizani ya ghala. Tunaomba kosa lipimwe na kazi yenyewe: aliyefungwa kwa ugomvi wa kilabuni kosa hilo linamzuiaje kuranda mbao? Ibara ya 22 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kufanya kazi, na sisi hatukutengwa humo.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu zito ni moja. Serikali ina mpango wa kurasimisha ujuzi kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambapo fundi aliyejifunza nje ya darasa hupimwa na kupewa cheti. Tunaomba wapimaji wafike hapa, na ikiwezekana wafike gerezani pia, ili mtu atoke akiwa na cheti chake mkononi. Kingekuwepo hicho, nusu ya risala hii tusingeiandika.

Pia ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wanachama wetu wenye sifa wakiomba, kifungo cha zamani kisiwe sababu ya faili kulala. Nao watendaji wa mitaa tunawaomba waandike tu wanalolijua: huyu ni mkazi wetu, na kifungo chake kimekwisha.

Kwa upande wetu, kila mwanachama anayeajiriwa anadhaminiwa na kikundi. Akiharibu, tuulizwe sisi. Mwenye karakana mmoja hapa mjini alimchukua mwenzetu kwa majaribio, na sasa amerudi kuomba wa pili.

Bei ya madawati tumeiandika ubaoni pale mlangoni, iwapo unazo shule zenye upungufu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama