Shemeji, aliyewaita UN Kongo ni Lumumba mwenyewe

Shemeji, salaam nyingi. Ule ujumbe wako kwenye grupu la familia, kwamba Umoja wa Mataifa (UN) uliingia Kongo kwa ubabe na Lumumba akaupinga tangu siku ya kwanza, nimeona nikujibu hadharani. Wanaoamini hivyo ni wengi, hata huku kwetu Dar.

Waliowaita ni Lumumba, waziri mkuu wa kwanza, na Rais Kasavubu. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Haikupita hata wiki, askari wa Force Publique, jeshi lililoachwa na wakoloni, wakawaasi maofisa wao wa Kibelgiji, Ubelgiji ikaingiza majeshi bila kuombwa, na tarehe 11 Julai Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, akatangaza kwamba jimbo hilo, huko kwenu, limejitenga. Kesho yake telegramu ikaenda New York kwa jina la wakubwa wote wawili. Tarehe 13 wakatuma ya pili, na hiyo ndiyo watu hawaisomi: ilieleza kwamba msaada hauombwi ili kutuliza mambo ya ndani, unaombwa ili kuilinda nchi dhidi ya uvamizi wa Wabelgiji. Siku iliyofuata Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 143 la kupeleka jeshi la UN.

Ugomvi ulianzia kwenye kazi yenyewe. Lumumba alitaka jeshi lile limsaidie kuirudisha Katanga. Azimio la tarehe 9 Agosti likasema jeshi hilo halitajiingiza katika mgogoro wa ndani. Siku tatu baadaye Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa UN, akatua Elisabethville (Lubumbashi ya leo), mji mkuu wa Katanga, na askari wa Sweden, akazungumza na Tshombe, huku serikali iliyomwita ikiachwa nje. Barua alizoandikiwa na Lumumba baada ya hapo ni kali kweli, na mimi simlaumu.

Septemba ndiyo iliharibu kabisa. Tarehe 5 Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza kazi Lumumba. Andrew Cordier, Mmarekani aliyekuwa akiiwakilisha UN pale Léopoldville (Kinshasa ya leo), akaamuru viwanja vya ndege na kituo cha redio vifungwe. Ukiisoma amri ile, inawabana wote sawa. Lakini Kasavubu alikuwa na marafiki ng'ambo ya mto, akasikika kupitia redio ya Brazzaville. Lumumba, ambaye nguvu yake ilikuwa kwenye kusema na watu, akanyamazishwa, na wanajeshi waliomtii wakakosa njia ya kuruka kuja kumsaidia. Hapo UN ilichukua upande, ikatae isikatae.

Katanga ilisalimu amri Januari 1963, mbele ya askari haohao wa UN, miaka miwili baada ya Lumumba kuuawa. Wazee wa mtaani kwenu wanakumbuka vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo Rais Tshisekedi alipotaka MONUSCO, jeshi la UN la kulinda amani Kongo, iharakishe kuondoka, Septemba 2023, sikushangaa. Kinshasa huwaita, huwataka wapigane vita yake, wasipopigana huwaonyesha mlango. Ila wapo waliopigana. Mwaka 2013 brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ilipewa ruhusa ya kushambulia, na kabla mwaka haujaisha waasi wa M23 walikuwa wametimuliwa. Desemba 2017 tukapoteza wanajeshi wetu wasiopungua 14 kwenye kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini. Hao usiwaite watalii, kana kwamba hawakupigana, tafadhali.

Na kuna hili hujanijibu. Mwishoni mwa Juni 2024 MONUSCO iliondoka Kivu Kusini kama serikali ilivyotaka, ulinzi wa raia ukabaki mikononi mwa serikali. Februari 2025 M23 wakaingia Bukavu. Hilo nalo tumpe nani lawama? Nijibu hapahapa, siyo kwenye grupu. Na dada msalimie.