Katz alijibu, Mary Ellen hakupewa nafasi

Mhariri,

Mhakiki wenu aliyeandika wiki iliyopita kuhusu kitabu cha Bill Bryson, A Walk in the Woods (1998), amekosoa mahali pasipostahili. Anamsuta mwandishi kwa kutoa kitabu kizima juu ya Njia ya Appalachian, njia ndefu ya miguu ya milimani huko Marekani, ilhali hakuimaliza. Ni kweli njia hiyo, kutoka Georgia hadi Maine, ni karibu kilomita 3,500, na Bryson alitembea kama 1,400 tu, vipande vingine akavipita kwa gari. Lakini amemdanganya nani? Kasema mwenyewe. Tena kurasa za kushindwa ndizo tamu. Katz, rafiki yake wa zamani mwenye kitambi aliyetembea naye, anatupa vyakula porini siku ya kwanza tu ili mzigo upungue. Bryson naye hofu ya dubu imemwingia kwa kusoma vitabu, hata kabla hajatoka nyumbani. Nilicheka ndani ya daladala mpaka konda akanikodolea macho.

Kinachonikera ni kingine. Huku Moshi, Mchaga na Mpare wanachapana utani wa ubahili kila uchao, ila mtani ana haki ya kurudisha. Katz anarudisha. Akichokozwa ana lake la kujibu, na mara nyingi ndiye anayeondoka na ushindi, ndiyo maana msomaji anacheka bila kumwonea huruma. Mary Ellen je? Mwanamke huyu anatembea peke yake, anaungana nao kule Georgia, anaongea bila kituo, anakosoa hema lao na vifaa vyao. Msumbufu kweli, sikatai. Wanamchoka, wanamtoroka. Tunachosikia kutoka kinywani mwake ni kile tu kinachomfanya aonekane punguani. Bryson anakiri kwamba baadaye waliona vibaya, lakini kicheko ameshakivuna.

Watu wa miji midogo ya milima ya kusini nao wanapita kitabuni kama vikaragosi. Mgeni anakula kwao, anapewa lifti, kisha anakwenda kuwacheka kwao New Hampshire. Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro, ambao wapanda mlima wanaandika habari zetu wakisharudi makwao, jambo hilo tunalijua ladha yake.

Bryson anapoigeukia Idara ya Misitu ya Marekani na barabara zake za kukatia miti, mzaha wake una meno, na wakubwa hao wana ofisi na karatasi za kumjibu. Hapo namshangilia.

Halafu mhakiki anasema wanawake katika kitabu hiki "ni wa kuchekesha tu". Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, aliitembea njia hiyo yote peke yake, kavaa raba, fuko begani. Kumkumbuka huyo kungetosha kumfanya mhakiki asiupokee mzaha wa Mary Ellen kirahisi hivyo.

Kama nimemwonea, namkaribisha anijibu.

Msomaji wenu,
Moshi