Mwani wa Nemuro

Nemuro, Hokkaido, Japani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mie sijambo, baridi tu ndiyo inayonisumbua. Juni hii na bado nimevaa sweta.

Leo nimekukumbuka kwa ajili ya mwani. Wa huku unaitwa kombu, majani yake marefu kuliko mtu, wala haulimwi kwa kamba na taitai kama wetu wa Paje. Unaota wenyewe chini ya maji. Mvuvi anazamisha mti mrefu, anauzungusha mpaka majani yajiviringe, ndipo anavuta kwa nguvu zake zote. Kisha unaanikwa juu ya kokoto. Harufu ile ile ya uani kwetu!

Sasa sikia. Mwani mzuri uko kwenye kijisiwa cha Kaigara, kilomita 3.7 tu kutoka rasi ya Nosappu. Mnara wake wa taa waliujenga Wajapani mwaka 1937, lakini anayekishika ni Mrusi. Tangu 1963, ukiacha miaka michache ya katikati, wavuvi wa hapa huilipa Urusi ndipo wavune. Ungekubali wewe? Nakujua.

Mwaka 1945, Japani imeshasalimu amri, askari wa Kisovieti wakateremka visiwa vya jirani: Etorofu, Kunashiri, Shikotan na Habomai, ambalo ni kundi la vijisiwa na Kaigara kimo humo. Wajapani kiasi cha 17,000 walikuwa wakiishi huko. Wengine walikimbia kwa mashua, waliobaki wakaja kuhamishwa. Mwaka 1956 Moscow iliahidi kurudisha Shikotan na Habomai mkataba wa amani ukishatiwa saini. Haujatiwa mpaka leo. Japani inashikilia mpaka wa 1855, uliopita kaskazini ya Etorofu. Urusi inasema visiwa ni vyake kwa matokeo ya vita. Waainu, waliokuwapo kabla yao wote, siwasikii wakitajwa.

Pale rasini nilikutana na bibi mmoja mzaliwa wa Suisho, kisiwa kimoja cha Habomai, bapa kama sinia, kinaonekana kwa macho. Akanipa darubini yake. "Kwetu upande ule," akasema. Zamani waliruhusiwa kwenda kuzuru makaburi. Ikaja korona, ikafuata vita ya Ukraine, safari zikafungwa. Siku hizi wanapanda meli, wanasogea wanapoweza, wanaomba dua wameelekea kisiwani, wanarudi.

Akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia kisiwani, na mama yangu mkulima wa mwani. Alicheka huyo! Akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha kombu, kasema ni chako.

Nimeshakitia begini. Ukikipokea usikitie mchuzini, ningoje nije nikuoneshe. Nisalimie baba na wadogo zangu.

Mwanao